Mwongozo kamili: Kukisimamisha chama baada ya kinara wake kuangushwa uchaguzini

Naandika mwongozo huu kwa sababu kosa ni lile lile kila baada ya uchaguzi. Chama kina kinara ambaye jina lake peke yake linajaza uwanja. Anagombea, anashindwa. Wiki ya kwanza ni kilio, ya pili ni lawama, na miezi michache baadaye kuna watu wawili wanaojiita katibu mkuu, kila mmoja na muhuri wake. Wanachama wanaoniomba ushauri karibu wote huanza na swali moja: "Sasa nani achukue kiti?" Hilo ni swali la hatua ya saba. Mkianza nalo, hamtafika hata hatua ya tatu.

Walengwa ni katibu wa tawi, mweka hazina wa wilaya au kaunti na mjumbe wa mkutano mkuu, watu wanaobaki ofisini magari ya kampeni yakishaondoka. Mifano yangu mingi naitoa kwa majirani zetu wa Zambia. Chama cha Patriotic Front, PF, kilishinda mwaka 2011 chini ya Michael Sata, kikaangushwa tarehe 12 Agosti 2021 chini ya Edgar Lungu. Kilitoka na kura zaidi ya milioni 1.8 na wabunge wa kutosha kuwa upinzani imara, halafu kikavunjikia mikononi mwa wenyewe. Vipande vya kisa hicho mtavikuta katika baadhi ya hatua hapa chini.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuitisha kikao

- Katiba ya chama, nakala ile iliyoko kwa Msajili wa Vyama. Fotokopi ya ofisini inaweza kuwa ya kabla ya marekebisho.
- Daftari la wanachama, la karatasi na la kompyuta.
- Barua ya benki inayoonyesha watia saini wa kila akaunti, na taarifa ya akaunti ya miezi 12 iliyopita.
- Mihuri yote, hati au mikataba ya pango la ofisi, na kadi za magari.
- Nywila za kurasa za chama mitandaoni, pamoja na namba ya simu iliyofungulia kila ukurasa.
- Fomu za matokeo za kila kituo katika eneo lako.
- Watu watano wanaoheshimika ambao wako tayari kuandika kwa mkono wao kwamba hawatagombea cheo chochote kwenye uchaguzi wa ndani unaofuata.

Hao watano ndio wagumu kuwapata. Msipowapata, msisogee. Kazi zote zinazofuata zinahitaji mkono usio na njaa ya kiti.

## Hatua ya 1: Chama kiseme neno moja kuhusu matokeo

Amueni mapema: mnakubali, au mnakwenda mahakamani. Kenya sheria inatoa siku 7 tu baada ya matokeo kutangazwa kupeleka kesi ya urais, na Mahakama ya Juu ina siku 14 kuamua. Kikao cha uamuzi kifanyike siku ya kwanza au ya pili, ili mawakili wabaki na muda wa kukusanya ushahidi.

Sababu: Kinara wa aina hii amezoea kuzungumza na umma moja kwa moja. Akisema "tumeibiwa" jukwaani na chama kisipeleke kesi, wanachama wanabaki na jeraha lisilo na daktari. Wataacha kupiga kura, kwa sababu mmewaambia kura haihesabiwi.

Tahadhari: Msiseme "tumekubali ila hatujakubali". Kauli hiyo hurudi miaka mitano baadaye, siku mnayowaomba watu wajiandikishe.

Mmefaulu pale ambapo mwenyekiti wa tawi la mbali kabisa akiulizwa na mwandishi wa habari, anajibu lile lile lililosemwa makao makuu.

## Hatua ya 2: Fungeni kabati

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hii ndiyo hatua inayorukwa na kila mtu.

Chama machoni pa sheria ni daftari, muhuri, katiba na akaunti ya benki. Mwenye kushika hivyo vinne ndiye atakayesikilizwa na Msajili, benki na Spika, hata kama uwanja mzima unaimba jina la mwingine. Chini ya kinara mkubwa vitu hivi havikai ofisini. Vinakaa kwa wandani wake: muhuri kwenye mkoba wa msaidizi, ukurasa wa Facebook kwenye simu ya mpwa, hati ya ofisi kwa wakili wa familia. Akiwa na nguvu hakuna anayeuliza. Akianguka, kila mmoja anakumbatia alichonacho.

Tawi moja nililowahi kulisaidia lilinionyesha daftari lake la wanachama. Lilikuwa kaunta buku yenye jalada lililoshikiliwa kwa gundi ya karatasi. Kurasa za mwanzo zilikuwa na majina, namba za kadi na ada, mwandiko mzuri wa mwalimu. Kuanzia katikati zikawa hesabu za chai na mafuta ya pikipiki za kampeni. Mwanachama wa mwisho aliandikwa miaka minne kabla ya siku ile. Na bado lilikuwa tawi la kusifiwa, kwa sababu mikutano yake ilijaa.

Fanyeni hivi, ndani ya wiki mbili:

1. Kamati kuu, au chombo chochote ambacho katiba yenu inakipa mamlaka, kipitishe azimio la kukabidhi mali kwa wale watu watano. Azimio liwe na tarehe, akidi na saini.
2. Kila kitu kiandikwe kwenye fomu ya makabidhiano: kimetoka kwa nani, kimepokelewa na nani, kikiwa katika hali gani. Mihuri ipigwe picha pamoja na alama yake kwenye karatasi.
3. Watia saini wa benki wawe watatu, na hundi ihitaji angalau wawili. Kinara aliyeshindwa na yeyote anayetaka kumrithi wasiwemo.
4. Fotokopi ya daftari ipelekwe sehemu mbili tofauti siku hiyo hiyo.
5. Msajili aarifiwe kwa barua, na nakala yenye mhuri wake wa kupokea itunzwe.

Sababu: Fedha hazikomi kwa sababu chama kimeshindwa. Kenya, Mfuko wa Vyama vya Siasa hugawanywa kwa sehemu kubwa kufuatana na kura ambazo chama kilipata, kwa hiyo chama kilichoshindwa kinaweza kuendelea kupokea mamilioni. Makundi mengi yanayojiita ya kiitikadi, ukiyachunguza, yanagombea saini ya hundi.

Tahadhari: Msiende usiku kubadilisha kufuli. Mkifanya hivyo mmewapa wapinzani wenu wa ndani kesi, na huruma ya umma juu yake.

Mmefaulu pale ambapo mtu akiuliza "muhuri uko wapi?" katibu anafungua droo na kumwonyesha, bila kumpigia mtu simu.

## Hatua ya 3: Barua ya kinara, na chombo cha kuipokea

Kuna njia mbili salama. Kinara ajiuzulu kwa barua, na chombo kilichomchagua kiipokee rasmi. Au abaki kwa muda hadi tarehe iliyotajwa, kazi yake ikiwa ni kulinda mlango tu. Njia ya tatu, ya kuondoka nusu, ndiyo inayoua vyama.

Watanzania mnalo somo la chama cha CUF. Profesa Ibrahim Lipumba alijiuzulu uenyekiti mwaka 2015, miezi michache kabla ya uchaguzi. Mwaka 2016 akarudi na kusema bado ni mwenyekiti, Msajili akamtambua. Mvutano ulikwenda hadi Machi 2019, Mahakama Kuu ilipoamua upande wake, na Katibu Mkuu Maalim Seif akahamia chama cha ACT-Wazalendo na wafuasi wake kwa ule wito wa kushusha tanga na kupandisha tanga. Kiini cha ugomvi kilikuwa cha kikaratasi kabisa: je, barua ya kujiuzulu ilikwisha kupokelewa na chombo chenye mamlaka, au ilikuwa bado inaelea? Chama kilichokuwa na nguvu ya kutikisa Zanzibar nzima kiligawanyika juu ya kikao ambacho hakikukaa kwa wakati.

Zambia ilikuwa hivyo hivyo. Baada ya 2021 Lungu alijiweka kando bila chama kumpata mrithi kwa kura. PF ikawa na kaimu, mkutano mkuu ukaahirishwa tena na tena. Oktoba 2023 mbunge mmoja, Miles Sampa, akaitisha mkutano wake mwenyewe mjini Lusaka, akatangazwa rais wa chama, na jina lake likaingia kwenye daftari la msajili. Siku chache baadaye Lungu akatangaza kwamba anarudi ulingoni. Barua nazo zikaenda kwa Spika kubadilisha kiongozi wa upinzani bungeni. Desemba 2024 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba Lungu hawezi kugombea tena. Juni 2025 akafariki akiwa Afrika Kusini, na mkutano mkuu halali wa kumpata mrithi wake ulikuwa bado haujafanyika. Miaka karibu minne.

Waingereza walifanya vizuri zaidi hapa. Jeremy Corbyn alishindwa tarehe 12 Desemba 2019, chama chake cha Labour kikibaki na viti 202, idadi ndogo kuliko wakati wowote tangu 1935. Alisema hatawaongoza tena kwenye uchaguzi mkuu mwingine, akabaki kitini, ratiba ikatangazwa Januari, na tarehe 4 Aprili 2020 wanachama walikuwa na kiongozi mpya. Miezi minne.

Fanyeni hivi: Barua iwe na tarehe ya kuanza kutumika. Chombo kilichomchagua kikae haraka kadiri katiba inavyoruhusu na kiandike kwenye muhtasari, "Tumeipokea." Kaimu apewe muda wenye mwisho na akatazwe kugombea.

Tahadhari kwa Wakenya: Kujaza kiti haraka hakutoshi. Raila Odinga alipofariki tarehe 15 Oktoba 2025, ODM ilimteua Oburu Oginga kukaimu siku iliyofuata, na hilo lilizuia pengo. Lakini swali la mwelekeo halikufungwa na uteuzi. Wapo waliotaka kuendelea na makubaliano ya Machi 2025 na Rais Ruto, na wapo waliotaka chama kisimamishe mgombea wake mwaka 2027. Kiti na mwelekeo ni mambo mawili, kila moja na kikao chake.

## Hatua ya 4: Hesabuni kura kabla ya kulaumiana

Chukueni fomu za vituo. Kenya ni fomu 34A kwa urais, na zile za viti vingine mtazipata kwa mawakala wenu. Laza karatasi ya A4, chora safu tano: jina la kituo, kura za kinara uchaguzi uliopita, kura zake safari hii, kura za mgombea wenu wa udiwani, na idadi ya waliojitokeza mara zote mbili. Fanya wadi moja kwanza. Ni kazi ya mchana mmoja kwa watu watatu.

Mkimaliza, kila kituo kitaangukia kwenye moja ya hali nne.

Kinara ameanguka, diwani amesimama: watu wamemchoka mtu, chama bado wanakipenda. Hapa mabadiliko ya uongozi yanatosha.

Kinara amesimama, diwani ameanguka: mchujo wenu uliwaudhi watu. Kagueni nani alipewa tiketi na kwa njia gani.

Wote wameanguka na waliojitokeza wamepungua: watu wenu walilala nyumbani. Waendeeni mlango kwa mlango mkawaulize.

Wote wameshindwa na waliojitokeza wameongezeka: wamekuja wapya, wamekuja kuwapiga nyinyi.

Zambia 2021 ilikuwa ya hali hiyo ya nne, na tarakimu zake zinastahili kuangaliwa polepole. Mwaka 2016 Lungu alipata kura zaidi ya milioni 1.8 akashinda. Mwaka 2021 akapata zaidi ya milioni 1.8 tena, akashindwa kwa tofauti ya karibu milioni moja. Watu wake kwa jumla walibaki. Waliojitokeza walipanda kutoka takriban 56% hadi takriban 70%, na mpinzani wake Hakainde Hichilema akafika zaidi ya milioni 2.8. Ukitazama uwanja uliojaa kwenye mkutano wa Lungu, ungeapa hajapoteza mtu, na ungekuwa karibu na ukweli. Waliomwangusha hawakuwa uwanjani.

Hii ndiyo sababu nasisitiza karatasi. Wafuasi wa kinara watasema, "Watu wanampenda." Wapinzani wake watasema, "Watu wamemkataa." Inawezekana wote wawili wanasema kweli.

Tahadhari: Jumla ya kura pekee haisemi yote. Labour ya Corbyn mwaka 2017 ilipata 40% ya kura ikashindwa, na mwaka 2024 bila yeye ikapata karibu 34% tu, ikachukua viti 411. Mfumo wa majimbo unauliza kura ziko wapi. Chora ramani pamoja na jedwali.

Mmefaulu pale ambapo mtu wa kundi hili na wa kundi lile wanaweza kukaa mbele ya jedwali moja wakabishana juu ya kituo fulani kwa jina.

## Hatua ya 5: Tenganisheni kero na aliyeisemea

Kinara anayependwa na umma hakupendwa bure. Sata aliahidi kodi pungufu, ajira zaidi na fedha zaidi mifukoni, na watu wa Copperbelt na Lusaka walimwelewa kwa sababu mifuko ilikuwa kweli mitupu. Miaka kumi baadaye, majimbo hayo mawili ya mijini yalikwenda kwa Hichilema, huku deni la taifa likiwa limeshindikana kulipwa tangu Novemba 2020 na unga ukipanda bei. Kero ilikuwa ile ile. Waliyemtegemea kuitatua ndiye aliyebadilika machoni pao.

Tumeni watu wawili wawili, wasiovaa sare za chama, kwa muda wa wiki tatu. Wasiulize, "Unamtaka nani?" Waulize, "Mara ya mwisho uliposema serikali hii haifai, ulikuwa unazungumzia nini?" Jibu liandikwe kwa maneno ya msemaji mwenyewe. Mama akisema "mbolea ya ruzuku imefika shamba likishapandwa", iandikwe hivyo. Isigeuzwe kuwa "changamoto za sekta ya kilimo".

Mwisho wake chagueni mambo matatu tu. Matatu ambayo chama kitayasema kila wiki, kinara awepo asiwepo.

Sababu: Chama kisicho na la kusema hujaza nafasi kwa ugomvi. Mwaka 2024 ukame ulishusha maji ya bwawa la umeme la Kariba na nyumba nyingi Zambia zikawa zinapata umeme saa chache kwa siku. Chama cha upinzani kilichotulia kingekuwa na kazi kila asubuhi. PF ilikuwa inauliza mahakama nani ni rais wake.

Tahadhari: Matokeo ya kazi hii yasomwe matawini kabla ya kuchapishwa. Chama cha Republican cha Marekani kiliandika ripoti nzuri mwaka 2013 baada ya kushindwa, kikishauri lugha ya upole kwa wahamiaji. Iliandikwa juu, ikabaki juu. Miaka mitatu baadaye wapiga kura wake wenyewe walimchagua Donald Trump, aliyesema kinyume chake.

## Hatua ya 6: Vijana wa ulinzi

Fupi, lakini msiiruke. Zambia makada wa chama tawala waliitawala mitaa, hasa stendi za mabasi na masoko, wakitoza watu fedha. Muuza nyanya aliyelipishwa na kijana mwenye fulana ya chama hakuhitaji hotuba ya upinzani.

Waorodhesheni vijana wenu kwa majina. Wanaotaka kazi ya chama wapewe kazi yenye jina: uwakala, uandikishaji, usafi wa daftari. Ambao wametajwa kwa uonevu waondolewe hadharani, na aliyeonewa aombwe radhi palepale sokoni. Nimeona mwenyekiti mmoja wa wadi akifanya hivyo, akisimama mbele ya meza ya mama wa dagaa bila kofia. Wiki ile ile wanawake wa soko lile walianza tena kumsalimia.

## Hatua ya 7: Sasa, uchaguzi wa ndani

Anzeni chini: tawi, wadi au kata, wilaya au kaunti, halafu taifa. Mkianza juu, mshindi atawateua wa chini, na mtakuwa mmebadilisha jina la kinara tu.

Masharti yangu manne hayabadiliki. Daftari la wapiga kura lifungwe na libandikwe ukutani siku 30 kabla. Tarehe itangazwe mara moja na isisogezwe, hata kwa sababu nzuri. Wale watano wasimamie. Na malalamiko yasikilizwe na kamati ya ndani kwanza, kwa maandishi, kwa sababu Kenya Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama litawauliza kama mlijaribu kusuluhisha ndani kabla ya kwenda kwao.

Mtaambiwa hakuna fedha za uchaguzi kamili. Basi fanyeni chini ya mwembe, kwa masanduku ya kuazima, lakini fanyeni. Uteuzi wa makubaliano ni rahisi sana leo, na mwaka ujao kila aliyeachwa nje atadai hakukubaliana.

Mmefaulu pale ambapo aliyeshindwa anasaini fomu ya matokeo. Hotuba ya pongezi ni ziada.

## Hatua ya 8: Mzee akae wapi?

Kuna wanaotaka kumfukuza, na wanaotaka kumfanya mlezi wa milele. Mimi napinga vyote viwili.

Labour ilimsimamisha Corbyn Oktoba 2020. Mwaka 2024 aligombea jimbo lake la Islington North kama mgombea binafsi akaishinda Labour yenyewe, na mwaka uliofuata akatangaza kuanzisha chama kipya. Mtu anafukuzika, mapenzi ya watu kwake hayafukuziki. Kwa upande mwingine, mlezi mwenye kura ya turufu ni mwenyekiti asiyechaguliwa.

Mpeni kiti katika mkutano mkuu kama mjumbe, kura yake moja. Mpeni nafasi ya kuzungumza, yenye dakika zilizoandikwa kwenye ratiba. Katiba iseme wazi kwamba hatii saini hundi, hateui mgombea, na hawezi kuitisha kikao. Mtembeleeni nyumbani kabla ya kulipitisha hilo, wazee wawili wanaoheshimiana naye wakatangulie, asije akalisikia redioni.

## Hatua ya 9: Jaribuni kwenye uchaguzi mdogo

Subirini uchaguzi mdogo mmoja, ikiwezekana wa wadi. Simamisheni mgombea aliyechaguliwa na tawi. Mabango yawe na picha yake na yale mambo matatu ya hatua ya tano. Jina la kinara wa zamani lisiwepo kwenye fulana hata moja. Yeye mwenyewe akitaka kuja kuomba kura aje, azungumze wa pili, mgombea azungumze wa mwisho.

Mnaweza kushindwa, na hiyo haina maana kazi imeharibika. Labour ilishindwa Hartlepool Mei 2021, mwaka mmoja na mwezi baada ya kupata kiongozi mpya. Chukueni fomu za vituo usiku ule ule, mchore tena zile safu tano, na mzilaze kando ya zile za kwanza. Kituo ambacho safari iliyopita kilikuwa hali ya nne na sasa mmepata hata kura 20 zaidi, andikeni jina lake. Kesho yake asubuhi mtu aende pale na daftari, aanze kuandikisha wanachama.